Aliyenikanyagia Breki Uthiru

Sikuwa nimelewa, na haikuwa usiku. Ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, jua la kutosha kuanika nguo. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu. Ukitaja marehemu tu, wanakuuliza ulikuwa umekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa chai ya maziwa. Haya, sikiliza.

Miaka ya themanini nilikuwa na gereji ndogo Uthiru. Mteja wangu mmoja alikuwa Mzee Jagir, Kalasinga wa Westlands, ndevu nyeupe, mtu wa maneno machache. Alikuwa na lori kuukuu la pua ndefu alilolinunua akiwa kijana, kabla ya Uhuru, na alilipenda kama mtoto wake. Alhamisi moja aliniletea paipu mpya za breki za mbele: mbili za mpira, pamoja na zile nyembamba za chuma zinazoungana nazo.

"Kushoto, kulia, yote badilisha, fundi," akaniambia. "Gari hii nabeba watu yangu."

Ijumaa nikabadilisha za kushoto vizuri kabisa. Za kulia zikanishinda. Nati ilikuwa imeshikana kwa kutu, spana inateleza tu, na ili itoke ilibidi nikate, kazi ya saa mbili zaidi. Jioni hiyo kulikuwa na mpira kwenye televisheni ya klabu moja Kangemi. Unajua nilifanya nini? Naona aibu hata kuandika. Nilichukua kitambaa chenye mafuta taa, nikaipangusa ile paipu kuukuu ya mpira, nikaipaka rangi nyeusi. Ikang'aa kama mpya.

Sasa, Mzee Jagir alikuwa na desturi yake: spea kuukuu lazima aondoke nazo. Kwa hiyo nilikwenda kwenye vyuma chakavu nyuma ya gereji, nikaokota paipu mbovu ya lori jingine, na Mzee alipopita jioni nikamkabidhi pamoja na ile ya kushoto. Akazishika moja moja. Ile ya pili aliizungusha kati ya vidole vyake muda mrefu, mpaka nikaanza kukohoa bila kikohozi. Kisha akazifunga kwenye gazeti.

Iliyobaki ilikuwa kutoa hewa kwenye breki, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakanyaga pedali juu, mwingine yuko chini anafungua na kufunga kinati kwenye gurudumu. "Kesho mimi nakuja kukanyaga," Mzee akasema, akaenda zake.

Asubuhi nilikuwa chini ya lori, upande wa kushoto, niliposikia mlango ukifunguliwa juu yangu. Nikaona viatu vyake vyeupe vya turubai vikipanda. "Habari ya asubuhi, Mzee?" Hakujibu. Nikadhani ameamka vibaya.

"Kanyaga!" nikasema. Akakanyaga. "Shika!" Akashika. Nikafungua kinati, mafuta yakatoka na mapovu yake, nikafunga. Niamini, mafuta yale hayatoki hivyo bila mguu wa mtu. Tukarudia mara sita, saba, mpaka mapovu yakaisha.

Nikahamia kulia. "Kanyaga, Mzee."

"Fundi," akasema. "Ile paipu ingine hapana yangu."

Haikuwa sauti ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningepata pa kujitetea. Pedali ikaendelea kukanyagwa, nzito, nzito, mpaka ile paipu niliyoipaka rangi ikavimba mbele ya uso wangu na kupasuka. Mafuta ya breki yakaniingia machoni. Nikatambaa nje, nikakimbilia mfereji wa maji huku nikiita, "Nisamehe, Mzee, nitaibadilisha!" Niliporudi, mlango wa lori ulikuwa umefungwa na ndani hakukuwa na mtu.

Nikajiambia ameondoka kwa hasira. Nikashika msumeno, nikaikata ile nati, nikafunga paipu mpya, ya mpira na ya chuma. Nilikuwa namalizia wakati mwanawe, Harbans, alipoingia getini macho yakiwa mekundu.

"Baba alituacha leo saa kumi alfajiri," akasema. "Ni moyo. Siku zote alisema tumbebe na hii lori yake mpaka Kariokor, pale tunachoma maiti, na sisi wote nyuma. Breki iko sawa, fundi?"

Spana ikaniponyoka. Nikamwambia imebaki kutoa hewa upande wa kulia.

"Na kushoto nani alikukanyagia?"

"Kuna mtu alinisaidia," nikasema. Harbans akapanda, akakanyaga huku akilia, nami nikiwa chini nikafungua na kufunga kinati.

Kesho yake, tukiteremka Museum Hill, nilikuwa nimesimama nyuma ya lori pamoja na familia. Mjane alikuwa mbele yangu, na wajukuu watano walikuwa wameshikilia mbao za bodi. Dereva akakanyaga breki, lori likatii. Niliwatazama wale watoto nikatamani kuruka chini nikimbie.

Baadaye Harbans alisimama mbele ya jamaa zake akanishukuru. Alisema baba yake hakumwamini fundi mwingine Nairobi nzima. Mjane akanishika mikono yote miwili. Nami nilisema nini? Nilisema asante, nikapokea sahani ya chakula, nikala.

Jicho langu la kulia linatoa machozi hadi leo. Simwambii mtu akanyage kabla sijatoka chini ya gari nikamtazama usoni. Familia ile ilihamia ng'ambo, na sikuwahi kuwaambia. Kisa cha marehemu aliyekanyaga breki nimekisimulia mara nyingi, matangani na kwenye baa, na watu hushika vinywa. Habari ya rangi niliificha kila mara. Leo ndiyo nimeisema.

Wewe fundi mwenzangu, kama kuna gari uliloliachia kitu kibovu ukakifunika, inuka sasa hivi umtafute mwenye gari angali anaweza kukutukana. Wangu hakunitukana. Alikuja tu kunisaidia kazi, kama alivyoahidi, na hilo ndilo linaloniua.