Kanzu ya Kaka Saidi

Juzi nilimwona jirani akisugua doa la nguo kwa ndimu, nikaondoka uani kwake bila kuaga.

Nilikuwa binti mdogo alasiri ile kaka yangu Saidi aliporudi nyumbani kwetu Dunda, akavua kanzu na kunipa.

"Nifulie, mdogo wangu. Tulikuwa tunachinja mbuzi kule Kaole."

Kanzu ilinuka kama chuma kilicholowa. Niliisugua kwa ndimu mpaka maji yakawa mekundu, nikifurahi kwamba tutakula nyama. Saidi alikaa mkekani akila tende kwa vidole ambavyo hakuvinawa, akanilisha moja. Niliimeza, nikamuuliza nyama iko wapi. Akacheka.

Siku ya tatu askari wa liwali walimchukua. Alikuwa amemchoma kisu mpagazi mgonjwa aliyeachwa nyuma na msafara, ili amvue shuka aliyojifunga. Mbele ya kadhi alikiri kama mtu anayetaja jina lake, akahukumiwa.

Mama alipika uji, akanikabidhi bakuli. "Ni kaka yako yule. Mpelekee."

Nilimkuta gerezani amefungwa minyororo miguuni. Alionja, akakunja uso.

"Mbona hamkutia sukari?"

Nilitapika pale pale mlangoni. Mama alipoambiwa, alinikumbatia akilia, akasema moyo wangu una huruma nyingi mno kwa kaka yangu. Sikumsahihisha, wala siku ile wala alipokuwa anakata roho, na Saidi sikumpelekea uji tena.