Saa Mbili za Mchana

Kila ikifika saa sita, mikono ya Beldina hupunguza mwendo kwenye cherehani. Miaka kumi na moja imepita tangu aondoke Mbale. Sasa anasimamia mafundi wa karakana ya nguo huko Jinja, lakini saa hiyo bado humrudisha kwa Hajji Burhan.

Siku zile alikuwa amevuka mpaka na mama yake kutoka Kenya kuingia Uganda, wakapanga chumba Namatala, mtaa mmoja wa Mbale. Hajji alikuwa na karakana ya sare za shule kule mtaa wa Nabuyonga, cherehani tisa na redio moja iliyokoroma. Mama alipopooza upande mmoja, Beldina hakumwambia mtu. Alimwachia uji kitandani, akashona mchana kutwa roho ikiwa juu. Wiki ya pili akakata sketi kumi kwa kipimo kisicho sahihi.

Hajji alipoziona, Beldina alijua kibarua kimeota nyasi. Hajji akavuta kigoda, akaketi karibu naye, akauliza nyumbani kuna nini. Beldina akaeleza huku akitazama sakafu.

"Mchana mama anakula na nani?"

"Hali mpaka nirudi, Hajji. Uji namwachia, lakini hawezi kujilisha."

"Basi kuanzia kesho ingia saa moja. Saa sita nenda kwa mama, saa nane urudi. Na mimi nimekosa, binti yangu. Ningeuliza mapema."

Hakuishia hapo. Aliwaita mafundi wote, kila mmoja akataja saa zinazomfaa. Mwalimu mkuu mmoja alipotaka sare zishonwe Jumapili, Hajji alimwambia atazipata Jumanne. Mwalimu alinuna, lakini alisubiri.

Miaka miwili Beldina alimlisha mama yake kwa mkono wake. Mchana ndipo mama alipokuwa na nguvu za kuzungumza. Alisimulia harusi yake, akaimba vipande vya nyimbo za kanisani, akakosea maneno, wakacheka wote wawili. Alifariki Alhamisi moja, saa saba, kichwa kikiwa mapajani mwa binti yake.

Hajji alipozeeka alifunga karakana, Beldina akahamia Mafubira, kando ya Jinja. Mwezi juzi Nakisige, fundi aliyejifungua karibuni, alimletea barua ya kuacha kazi kwa kukosa nafasi ya kunyonyesha. Beldina akaenda nayo kwa meneja, Ignatius. Meneja akasema wateja wana haraka.

"Ukimwacha aende, utafundisha mwingine miezi mitatu," Beldina akamwambia. "Mpe saa mbili za mchana. Kazi yake nitaiangalia mimi."

Ignatius akakubali kujaribu mwezi mmoja. Ulipokwisha hakuna nguo iliyochelewa, na mafundi wengine watatu wakaitwa waseme shida zao.

Beldina alimpigia Hajji simu kumweleza. Mzee siku hizi hasikii vizuri, ikabidi Beldina arudie mara mbili. Hajji akafurahi, kisha akamuuliza yeye mwenyewe anapumzika lini. Wiki iliyofuata Beldina akaomba likizo, akaenda Mbale kumwona.