Kugonga kwa Gari la Marehemu Ignas

Kwa mara ya tatu mwezi ule, fundi Severin alifunga boneti bila kuona kosa, akaegemea ukuta wa gereji yake ya Kihonda. Kiuno kilimuuma. Gari lenyewe lilikuwa la kifahari, la enzi ambazo viti vilishonwa kwa ngozi na milango ilifungwa kwa sauti ya upole. Magari ya namna ile hayaonekani tena mjini petu.

Marehemu Ignas alimwachia gari hilo mkewe, Mwalimu Margareth. Kila Jumapili, likipanda kuelekea kanisani Bigwa, liligonga: ko, ko, ko. Mwanawe, aliyechoshwa na malalamiko, alimtafuta Abdi, mnunuzi wa vyuma chakavu wa Dumila. Alasiri ile Abdi angekuja kulichukua, ikiwa chanzo hakitapatikana.

"Shikamoo, Mwalimu," Severin akamwamkia.

"Marahaba, baba. Umeona nini?"

"Nimelipandisha hadi Bigwa. Kimya kabisa."

"Kwako kimya, kwangu linagonga. Basi mgonjwa ni mimi?"

"Labda linakudekea, Mwalimu."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameketi kivulini, soda mkononi, kama Severin alivyomkalisha kila alipokuja. Kumtembeza mama wa umri ule katika gari la majaribio, penye vumbi na oili, kungekuwa utovu wa adabu. Siku zote alijaribu peke yake.

"Kanisani mnakwenda wangapi?" Severin akauliza kwa uchovu.

"Laurenti, mpwa wangu, huendesha. Mimi nyuma, na masista wawili tunaowapitia njiani."

Severin akakitazama kiti cha nyuma kwa muda mrefu.

"Niwie radhi, Mwalimu. Naomba upande."

Akawaita mafundi wawili wa jirani wakaketi naye nyuma, mahali pa masista. Hata kilima hawakukifikia. Kwenye bonde la kwanza la barabara, ko, ko! Severin akasimama, akainama nyuma ya gari. Bomba la ekzosi lilining'inia kwa mpira uliochoka, na gari likilemewa na watu, bomba liligonga ekseli. Gari likiwa tupu, bomba halikuifikia.

"Ni mpira tu, Mwalimu."

"Mpira tu," akarudia polepole. "Na Jumapili zote hizi nimesali kwa hofu."

Akatoa simu.

"Abdi? Geuza, baba. Hapana, siuzi. Pole kwa safari."

Kisha akaegemea kiti, akafumba macho. Wale mafundi wakashuka kimya kimya. Hakuna aliyethubutu kumwambia naye ashuke.