Honi Iliyolia Hotuba Nzima

Aibu hii siwezi kuikana, maana walioisikia kwa masikio yao ni msikiti mzima, ndani na nje hadi kwenye mikeka ya barabarani, kwa hiyo acha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine wakaongeza chumvi.

Ilikuwa Ijumaa, hapa hapa Garissa. Nilikuwa nimeposa, na baada ya swala nilitakiwa kumpeleka Mzee Yusuf, baba wa mchumba wangu, pamoja na kaka wawili wa mzee huyo hadi Kotile, wakawaarifu jamaa zao habari za ndoa. Gari ni langu, van kuukuu ya kubebea mizigo ya duka (mlango mmoja hufunguka kwa ndani tu), na nilikuwa nimejisifu mbele ya mzee kwamba halijawahi kuniangusha. Asubuhi hiyo nikazungusha ufunguo, kimya. Nikazungusha tena, kimya. Betri imekufa kabisa, hata taa moja haiwaki, na mimi kwa hasira nikaupiga usukani ngumi mbili tatu pale katikati penye honi, nayo haikutoa hata mlio.

Nikaita vijana wa jirani, tukalisukuma, na karibu adhuhuri tukafika kwa Bare, fundi anayeuza betri kando ya ukuta wa msikiti. Akanitolea betri mpya, akaiweka chini, akanawa mikono.

"Walaal, ndugu yangu, adhana ishatoka. Twende tuswali, nikirudi nakufungia. Hii ni kazi ya dakika mbili."

Hapo ndipo nilipokosea. Nikajiambia, kama ni ya dakika mbili, mbona nisifunge mwenyewe, mzee akitoka alikute gari tayari, na mimi niwahi kuingia kabla hotuba haijaisha? Bare akaenda zake. Nikakunja mikono ya kanzu (kanzu nyeupe, mpya, ya kwendea ukweni), nikachukua spana yake, nikatoa betri ya zamani, nikaweka mpya, nikafunga waya mweusi vizuri kabisa, kisha nikaja kwa ule mwekundu, kichwa chake kimebana hakitaki kuingia, nikakigonga kwa mpini wa spana mpaka kikazama, na papo hapo honi ikalia.

Haikulia ikanyamaza. Ililia moja kwa moja, bila kupumua, na mimi nilivyoshtuka spana ikaniponyoka ikatumbukia chini ya injini, mahali hata mkono haufiki. Nikavuta waya kwa vidole, haung'oki. Nikavuta ule mwingine, ndio kabisa, nimeukaza mwenyewe kwa nguvu zote. Mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia hapo kivulini akaziba masikio.

"Wewe kijana, watu wanaswali! Nyamazisha hiyo kitu!"

"Mama, haisikii!"

Nikavua shali begani, nikaisukuma yote mbele ya gari mpaka ikaziba honi, na wallahi ilikuwa heri ningeiacha, maana sasa ilitoa sauti ya ngamia anayechinjwa. Kwenye kipaza sauti imamu akakatiza hotuba, akasema kwa upole, "Mwenye gari, Mungu akuhurumie, lizime." Wakamaliza hotuba nayo ikilia, wakaswali rakaa zote mbili nayo ikilia, na mimi nimesimama pale na kanzu yenye grisi, sijui nikimbie au nilie.

Bare alikuwa wa kwanza kutoka. Hakugusa hata betri. Aliingia ndani ya gari, akabandua kitufe cha honi kwa kucha, kikaruka juu, na mji ukatulia.

"Uliipiga hii ngumi?" akaniuliza. "Ilikwama tangu asubuhi. Ilikuwa inangoja moto tu."

Watu wakacheka, na kucheka kwao ningekuvumilia, lakini nyuma yao alikuwa Mzee Yusuf na kaka zake. Akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia.

"Hukuswali?"

"Adeer, mzee wangu, nilidhani nitawahi."

Hakugomba. Akaufungua mlango, akakaa kiti cha mbele, akasema, "Ijumaa imekupita. Ingia uswali adhuhuri, sisi tutangoja." Wakangoja ndani ya van, kwenye jua lile, wazee watatu, huku mimi nikiswali rakaa nne peke yangu na watu wakichungulia dirishani kumjua mwenye honi.

Tukaondoka. Nilijua posa yangu imekwisha. Tulipofika Kotile jamaa walikuwa wamechoka kungoja, chakula kimepoa, na mmoja akauliza kwa nini tumechelewa hivyo. Nikainamisha kichwa.

"Tulimngoja kijana huyu," akasema Mzee Yusuf. "Alikuwa anaswali."

Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi. Siku hizi adhana ya Ijumaa ikitoka, gari na lizimike, na liungue, mimi niko safu ya kwanza, na boneti tutaifungua tukishatoa salamu.