Kuku Aliyetaga Kwenye Robine

Mwalimu Pontiani alipewa somo la kuchora katika shule moja ya Kizuka, Rumonge, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Diploma hana. Kutoka ukimbizini Tanzania alirudi na brashi mbili, ufundi wa kuandika vibao vya vinyozi, na kichwa kigumu kama kokwa la mchikichi.

Siku moja Direkteri Melkiades, mkuu wa shule na mtu ambaye angeogelea ziwani na tai shingoni, alimwita ofisini. Mheshimiwa fulani wa Bujumbura anakuja kuona maendeleo.

"Darasa la nane lichore robine kwenye ukuta wa barabarani. Maji yamwagike, watoto wacheke."

"Rangi iko wapi, Bwana Direkteri?"

Direkteri akamsukumia dumu la mawese yaliyochacha, masalia ya kinu chake, ambayo hata wachuuzi wa Magara waliyakataa. Mkarimu kweli kweli! Pontiani akayachanganya na masizi ya jikoni, akawapa watoto amri moja tu: "Chora ulichokiona. Ukichora ulichoambiwa, nakupa sufuri."

Sasa, robine ya shule, yaani bomba la maji pale uani, ilikatiwa utepe miaka mitatu iliyopita, ikapigiwa makofi, ikapigwa picha, na tangu hapo haijadondosha hata chozi. Ineza, binti mwenye ulimi mrefu kuliko kimo chake, akachora kuku ametaga juu yake. Wenzake wakaongeza foleni ya madumu, na pembeni mtu mnene, mkasi mkononi, tai hadi kitovuni.

Waendesha baiskeli wakashuka. "Eh! Tai yenyewe ndiyo ile!"

Melkiades akafika anahema. "Jumatatu huu ukuta uwe mweupe! Ukibaki hivi, somo la kuchora nalifuta, na wewe rudi kwa vinyozi wako!"

Pontiani akaanza kupiga hesabu. Somo lile lilikuwa saa mbili kwa wiki ambazo watoto wale hawakukariri kitu. Kulipoteza ni msiba. Lakini afute vipi, mbele ya watoto aliowatisha kwa sufuri?

Direkteri hakumngoja. Jumamosi ni siku ya kazi za jamii, kila nyumba hutoa mtu, basi akaamuru wazazi waje na chokaa. Kulthumu, muuza mawese, akanusa ukuta, akacheka puani.

"Mama Kulthumu," Pontiani akanong'ona, "chokaa itashika juu ya mafuta?"

"Mwalimu! Mutoto wa Rumonge aulize hivyo? Kweli umekaa sana Tanzania." Akachovya brashi. "Mimi nimeitwa kupaka. Sikuitwa kusema."

Kila mwanamke pale alijua. Direkteri, ambaye hajawahi kuosha sufuria tangu azaliwe, akasimamia kazi kwa kidole.

Jumatatu jua lilikuwa kali. Melkiades alihutubia akiupa ukuta mgongo, akiwa katikati ya neno "maendeleo" watoto walipoanza kuangua kicheko. Nyuma yake tai ilikuwa inajitokeza. Kisha chokaa ikabanduka vipande vipande, na kuku akachungulia; upande usiochorwa tu ndio uliobaki mweupe.

"Hii ni nini?" Mheshimiwa akauliza.

Mtu aliyedanganya miaka ishirini hakosi uongo wa akiba. "Ni... ni pedagojia, Mheshimiwa! Wazo langu mwenyewe! Hii ni hali ya zamani. Upande ule mweupe ni hali ya sasa, bado hawajamaliza."

Mheshimiwa akampa mkono. "Safi sana. Nitarudi baada ya miezi mitatu niione hiyo hali ya sasa."

Hivyo somo likapona, maana utalifuta vipi ulilojitangaza kuwa baba yake? Siku hizi Melkiades hupita darasani kila wiki, sauti laini kama ya mchumba.

"Amahoro, mwalimu wangu. Ule upande mwingine vipi?"

"Watoto wako tayari, Bwana Direkteri. Wanangoja wakione cha kuchora."

Hapo Ineza huinuka, hutoka nje, huizungusha robine, huitazama kidogo. Kisha hurudi, huketi, na kuiweka brashi chini.