Analog, Hakuna Signal

Laptop yangu ilianguka kutoka kwenye boda nilipokuwa narudi nyumbani Mpumudde, pale Jinja, na tangu siku hiyo nusu ya kulia ya skrini yake ikawa nyeusi. Nusu ya kushoto ilibaki nzima. Kwa miezi kadhaa nilitengeneza kadi za harusi kwa kuvuta kila kitu upande wa kushoto, kama watu wanaokaa kwenye nyumba iliyoezuliwa nusu na upepo. Kazi hiyo sikuisomea. Shule niliishia darasa la saba, na mengine nilijifunza kwa kuangalia wenye kujua na kunyamaza.

Kisha mama mmoja wa ukoo wa mama yangu, mwenye duka la vitabu na kalamu huko Malukhu, Mbale, akatuma ujumbe kwamba ana meza moja haina mtu. Nije nitengeneze kadi na picha za pasipoti. Alikuwa ameshahiji, kwa hiyo kila mtu alimwita Hajati. Skrini kubwa pia ipo, alisema, aliiacha mtu wa fotokopi aliyekuwa akiitumia meza hiyo, alipohama. "Utaiunganisha tu," alisema kwenye simu. Hilo neno "tu" lilinitesa wiki nzima.

Nilipofika alinieleza sharti lake huku akipanga kalamu kwenye kopo. Kuna kadi za nikaha za binti wa jirani, zinatakiwa Alhamisi kabla ya alasiri.

"Ukiziweza, meza ni yako, mwanangu. Ukishindwa, kuna mama anayeuza hijabu ameiomba mara tatu."

Nikasema sawa. Sikumwambia kwamba nyumbani nilikuwa nimeshaaga kama mtu aliyepata kazi, na kwamba mama yangu alikuwa ameshawaambia majirani.

Jumanne nikanunua waya wa HDMI wa kupeleka picha, nikachomeka upande mmoja kwenye laptop na mwingine nyuma ya skrini. Skrini ikawaka. Ikaandika ANALOG, na chini yake NO SIGNAL. Maneno hayo yakawa yanatembea polepole kutoka kona moja hadi nyingine, kisha skrini ikalala. Niliiwasha tena. Yakatembea tena.

Nikafungua mipangilio ya laptop nitafute kile kitufe cha kuiambia itafute skrini nyingine. Kitufe kilikuwa kulia, kwenye nusu iliyokufa. Nikalivuta dirisha zima kushoto mpaka kikajitokeza, nikabonyeza. Laptop ikajibu kwamba haioni skrini nyingine yoyote. Skrini ilikuwa mbele yake, umbali wa shibiri moja.

Nilichomoa waya, nikaupuliza, nikaurudisha. Nikaugeuza, wa huku ukaenda kule. Nikazima vyote viwili nikahesabu hadi thelathini. Nikabonyeza vile vitufe viwili vya laptop vya kupeleka picha kwenye skrini ya pili mpaka vidole vikauma. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, na kila mara nilijibiwa kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonikasirisha zaidi.

"Inasema nini?" Hajati aliuliza kutoka kwenye kaunta.

"Inasema analog. Halafu inasema hakuna signal."

"Analog si ilizimwa zamani? Hiyo inataka dekoda."

Nilijua ile si televisheni. Nilifungua mdomo niseme, lakini akaingia mteja akitaka daftari kubwa, nikaufunga. Jumatano asubuhi Hajati akaja na dekoda ya nyumbani kwake ndani ya mfuko, pamoja na rimoti. Ilikaa juu ya meza yangu saa nzima. Niliizungusha, nikazitazama tundu zake, nikajifanya napima. Mwishowe nikasema waya hauingii. Akashangaa kidogo, akairudisha mfukoni, na nyumbani kwake siku hiyo watoto walikosa katuni bure.

Mtu wa tatu dukani alikuwa baba yake Hajati, mzee wa Kinubi. Baba wa mzee huyo alikuwa askari, na mzee mwenyewe alifanya kazi ya redio za jeshi akiwa kijana. Magwanda aliyavua zamani sana, lakini mtaa mzima ulimwita Afande. Kila siku baada ya adhuhuri aliketi mlangoni akisalimiana na wapita njia. Jumatano hiyo alisikia neno signal likitajwa, akainuka.

"Signal ni kazi yangu," alisema. "Wewe kuruta, simu yako ikikosa signal unafanya nini?"

"Natoka nje, Afande."

"Basi."

Nilikuwa nimejibu swali lake kwa ukweli, na kwa jibu hilo hilo nikawa nimeshindwa. Nilijua picha inapita ndani ya waya, haitoki angani. Lakini mzee ameuliza, mimi nimejibu, na mwenye kuniajiri ni binti yake. Nilisema, "Ndiyo, Afande."

Alhamisi tukatoa meza barazani. Tukatoa skrini, laptop, na waya mrefu wa umeme uliopita chini ya kaunta. Afande alisimama barabarani akitazama milingoti ya simu iliyo juu ya mlima wa Wanale, kisha akaitazama skrini, kisha milingoti.

"Peleka kushoto. Kidogo. Hiyo ni mingi. Sasa inua."

Niliinua. Skrini ile ni nzito, ya kizamani. Watu wakaanza kusimama. Dereva mmoja wa boda akazima pikipiki yake kabisa ili aone vizuri.

"Mzee, munatafuta mpira?"

"Tunatafuta harusi," Afande akamjibu bila kugeuka.

Jua lilikuwa limepiga skrini mpaka sikuona kitu zaidi ya uso wangu. Adhuhuri ilikuwa imepita. Hapo ndipo yule mama wa hijabu alipofika, akasalimia wote vizuri, kisha akanyoosha mkono wake juu ya meza, toka kiwiko hadi ncha ya vidole, akaipima. Mikono miwili na nusu. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikiwa bado nimeshika skrini.

Niliiweka chini. Nilitaka kuizima tu, nikafunge vitu vyangu. Vitufe vya skrini ile vilikuwa chini ya ukingo, maandishi yamefutika, ikabidi nipapase. Nikabonyeza, haikuzimika. Kikatokea kijisanduku fulani. Nikavuta mtandio wangu mbele nikafunika kichwa changu na skrini pamoja, na katika kivuli hicho nikaona mistari miwili. Wa kwanza ANALOG, una alama. Wa pili HDMI, hauna.

Nikapitisha mkono nyuma. Kumbe nyuma ya skrini kulikuwa na tundu mbili, na siku zote tatu skrini ilikuwa inasubiri kwenye ile nyingine, mahali mtu wa fotokopi alipokuwa akichomeka waya wake. Kila mara ilikuwa inaniambia inasubiri wapi, na neno lenyewe nilikuwa nalisoma kwa sauti.

Nikashuka mstari wa pili, nikabonyeza. Ua la kadi ya nikaha likatokea, zima, kulia na kushoto.

"Hapo hapo," Afande alisema. "Usisogeze."

Aliingia ndani, akatoka na chaki, akainama kwa taabu akachora duara kuzunguka kila mguu wa meza. Yule mama wa hijabu akaaga. Kadi zilikuwa tayari kabla ya adhana ya alasiri, na Hajati akasema meza ni yangu.

Meza ilikuwa yangu, na ilikuwa barazani. Kila asubuhi niliitoa na kuiweka juu ya zile chaki, na kila jioni niliirudisha ndani. Vumbi lilijaa kwenye vitufe. Mpaka saa kumi jua lilinizuia kuona rangi. Wapita njia walisimama nyuma yangu wakasoma majina ya maharusi wa watu na kuulizana ni wa ukoo gani. Mwanamke mmoja alikuja na picha ya pasipoti, na watu wanne wasiomjua wakajadili kidevu chake. Mimi mtu akinitazama nikiandika, herufi hunikimbia. Na kila siku Afande aliuliza, "Signal?" na kila siku nilijibu, "Iko, Afande."

Hivyo mpaka mvua ya Mbale ikashuka kutoka mlimani ghafla, kama kawaida yake. Hajati alishika meza upande mmoja, mimi mwingine, tukaivuta ndani kama ilivyo, umeme haujachomolewa. Tulipoitua katikati ya duka, skrini ilikuwa bado inaonyesha picha niliyokuwa nikiikata.

Hajati aliitazama. "Signal imeingia nayo," alisema.

Afande hakucheka. Alikuja karibu, maji yakimdondoka kofiani. "Kuruta. Hii ni nini?"

"Si netiweki, Afande. Ni kitufe. Ilikuwa inasikiliza waya mwingine."

"Ulijua lini?"

"Kitufe nilikijua Alhamisi ile. Kwamba si netiweki, nilijua tangu mwanzo."

Mvua ilipiga mabati mpaka nikadhani hakunisikia.

"Mtu wa signal akijua kitu akanyamaza," alisema, "sisi tulimtoa kwenye redio tukampeleka jikoni kumenya matoke."

Labda ilikuwa uchovu wa jua la siku zote zile. Nilisema, "Lakini Afande hukuniuliza kuhusu skrini. Uliniuliza kuhusu simu."

Hajati alishika shavu. Mzee aliitazama ile meza iliyoziba njia ya wateja.

"Sasa unataka ikae wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikaonyesha kona ya ndani, nyuma ya rafu ya madaftari, ambako mtu hawezi kusimama mgongoni mwangu. Tukaipeleka. Afande akavuta stuli yake, akakaa kando yangu, akanyoosha kidole chini ya ukingo wa skrini.

"Ndiyo hiki kitufe?"

"Usiguse, Afande," nilisema. "Nina kazi ya mtu hapa."

Akakirudisha kidole.