Goti Letu

Nilipewa jina la shosho, mama mzazi wa mama, na kwa Wakikuyu ukipewa jina la mtu umekuwa yeye. Mama aliniita "maitu", mama yangu, nami bado nanyonya. Kwa hivyo klabu ya ng'ambo iliponichukua kucheza mpira wa kikapu kwa mshahara, shosho hakusema mjukuu wake ameenda Ulaya. Aliketi nyuma ya nduma zake sokoni Karatina akawaambia wateja kwamba ni yeye ameenda, na kwamba baridi ya kule inaishinda ya Nanyuki.

Wachuuzi wenzake walimcheka, lakini alikuwa na haki yake. Urefu huu ni wake. Ujanani aliitwa mti wa stima, na wachumba walimpita wakaenda kwa dada zake wafupi. Maisha yake yote urefu ule haukumfaa kwa lolote ila kubeba kuni na magunia mgongoni, mkanda ukimkata paji la uso. Aliposikia kuna nchi mwanamke analipwa kwa kuwa mrefu, aliomba arudiwe habari hiyo, halafu akacheka peke yake jioni nzima.

Huko ng'ambo nilicheza chini ya kikapu, mahali pa kusukumwa na kupigwa viwiko. Kila msimu ulikuja na mji mpya na kitanda kifupi kilekile. Nikipiga simu nyumbani, mama aliuliza kama ninakula. Shosho hakuuliza tumeshinda au tumeshindwa. Baba yangu alikuwa polisi kutoka magharibi mwa nchi, nyumbani tuliongea Kiswahili, basi shosho naye alinisemesha kile chake cha sokoni. Swali lake lilikuwa moja tu: tumecheza? Nikimjibu tumecheza, aliridhika na kurudisha simu kwa mama.

Kisha jioni moja niliruka kuudaka mpira, nikatua vibaya, goti likaenda upande wake nami upande wangu. Walinipasua. Daktari alisema goti litanifaa kwa kutembea tu. Meneja wa klabu alinipa mkono kwa adabu kubwa, akaniuliza nitaihama lini nyumba yao. Nilikuwa na huzuni, lakini hasira ilizidi, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umeacha kazi bila kuniuliza.

Nilirudi Nyeri nikamkuta shosho amehamishiwa kwetu, hawezi tena kushuka kitandani. Moyo ulikuwa umechoka. Mama hakuningoja niingie ndani. Alinishika mkono langoni.

"Usimwambie," alisema. "Huyu anaishi na hiyo mpira yako. Ukimwambia umeacha, na yeye ataacha."

Shosho akaambiwa nimekuja likizo. Basi kila asubuhi nilivaa nguo za mazoezi, nikabeba mpira, nikamuaga, nikaenda uwanja wa shule ya msingi iliyo jirani, nikaketi juu ya jiwe. Ukungu ulikuwa umeumeza mlima, na wapita njia walitaka tupige picha. Kabla ya kurudi nilijimwagia maji ya mfereji shingoni ili nionekane nimetoka jasho. Mtu mzima, mwenye pasipoti iliyojaa mihuri. Shosho alinitazama nikiingia, akauliza kama tumecheza. Nilisema tumecheza, naye akaomba uji. Mama alinikonyeza kwa furaha, maana kabla sijaja shosho alikuwa akiukataa uji ule.

Njia ya mwongo ni fupi, na hiyo yangu nilikuwa naipita nikichechemea. Alasiri moja mama alipokwenda kuchukua dawa, shosho aliniita niketi kitandani na kumpa mguu. Nilidhani anataka kuniombea. Alipandisha suruali polepole kwa vidole vyake vigumu, akalifikia kovu, akalipapasa kutoka juu hadi chini, kisha akalishika goti lote kwa kiganja. Lake lilikufa zamani kwa ajili ya magunia, na hakuna aliyewahi kumpasua.

"Hii goti ni yangu," alisema. "Naijua. Tuliacha lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nimeuzoea. Lakini kiganja chake kilikuwa na joto, na tangu niumie hakuna aliyesema tuliacha. Wote walisema umeacha. Nililia kama mtoto.

"Mwezi wa tatu, shosho."

Hakushtuka. Aliendelea kulisugua lile goti, akasema anashukuru, maana alikuwa amechoka sana. Akaniambia uji ule ulimkwama kooni kila siku, na zile dawa zilimchoma tumbo, ila alijilazimisha. Alijiambia mtu hawezi kulala wenzake wakiwa katikati ya mechi.

"Si mngeniambia," alisema, "nipumzike."

Mama aliporudi na dawa, shosho alizikataa kwa upole, na uji akaukataa. Mama alinitazama, akaelewa. Juma halikuisha.

Tulimzika kwake, juu ya Karatina, mvua ikinyesha. Jeneza lilitengenezwa upya kwa sababu la kwanza lilikuwa fupi. Mama mmoja muuza kabichi, jirani yake wa sokoni, alinikumbatia kiunoni, palipofika mikono yake, akaniuliza narudi lini Ulaya kucheza. Mama yangu alikuwa kando yangu, akitazama udongo, akingoja kusikia nitasema nini.

Nilimwambia tumeacha.